Safari ya Ulaya mkiwa wawili na kiti cha magurudumu: panga pesa zako hivi

Leo tunafunga safari ya mbali kidogo. Tunazungumza na wewe na mwenzako, mke na mume ama wachumba, mnaotaka kuzuru Ulaya, na mmoja wenu hutembea kwa kiti cha magurudumu, kiti cha umeme ama skuta.

Mengi yanayoandikwa kuhusu safari za Ulaya yamemlenga mtu anayeweza kupanda ngazi, kukimbilia treni na kubeba begi begani. Nyinyi hesabu yenu iko tofauti. Kiti si mzigo, ni miguu. Kikivunjika njiani, safari imesimama. Halafu kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau: yule aliye kwenye kiti ni mtu mzima mwenye pesa zake. Akifika dukani, alipe mwenyewe kama angefanya Nakuru ama Mombasa.

Kwa hivyo kila hatua kwenye somo hili inalinda vitu viwili: kiti, na uhuru wa kila mmoja wenu kulipa. Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme ni wanandoa kutoka Thika. Mke anatumia kiti cha umeme kinachokunjwa, mume anatembea. Wanaenda siku 12: Amsterdam, kisha Paris, kisha London, halafu wanarudi Nairobi.

1. Watu wawili, mifuko miwili

Wanandoa wengi husafiri na mfuko mmoja: mmoja ana kadi, ana simu yenye pesa, ana risiti zote. Nyumbani hiyo inaweza kufanya kazi. Safarini ni hatari, na kwenu ni hatari zaidi. Uwanja wa ndege, mhudumu anaweza kumpeleka mwenye kiti kupitia lifti na lango lingine huku mwenzake akifuata foleni ya kawaida. Kituo cha treni kinaweza kuwa na lango moja pana upande wa pili. Mtatengana dakika 20 ama zaidi. Kama pesa zote ziko kwa mmoja, mwingine hawezi hata kununua maji.

Fanyeni hivi:

- Kila mmoja awe na akaunti yake ya pesa za simu, kadi yake na laini yake.
- Kila mmoja ahifadhi namba ya huduma kwa wateja ikianza na +254, kwa sababu namba fupi mnayopiga Kenya huenda isipatikane ukiwa nje.
- Kila mmoja ajue jinsi ya kufunga kadi yake kupitia programu ikipotea.
- Kila mmoja aweke PIN yake kichwani mwake. Mapenzi ni mapenzi, PIN ni PIN.

Kama vidole vya mwenzako havina nguvu ya kubonyeza namba, msilitatue kwa kupeana PIN. Washa alama ya kidole ama uso kwenye simu yake, mlijaribu hapa nyumbani wiki kadhaa mapema. Kule maduka mengi yana mashine ya malipo inayoshikika mkononi. Mashine ikiwa juu sana kwenye kaunta, mwambie mhudumu aishushe. Hilo ni ombi la kawaida, usilione aibu. Na mhudumu akimgeukia mwenzako anayetembea na kumpa bili, aliye kwenye kiti anyooshe kadi yake tu. Ujumbe utafika.

Kumbuka pia mipaka ya pesa za simu. Tangu Agosti 2023, akaunti ya mtu mmoja nchini Kenya inaweza kushika hadi KSh 500,000, na muamala mmoja usizidi KSh 250,000. Mkiwa na akaunti mbili, nafasi yenu inakuwa maradufu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotegemea mfuko mmoja.

2. Viza: karatasi zinazosema ukweli kuhusu pesa

Uholanzi na Ufaransa ziko ndani ya eneo la Schengen. Uingereza haimo. Kwa hivyo wanandoa wetu wanahitaji viza mbili kila mmoja: ya Schengen na ya Uingereza. Ya Schengen unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza. Unaweza kuanza maombi miezi sita kabla ya safari, na usichelewe hadi zibaki siku 15.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Tukikadiria yuro moja kwa KSh 150, wawili watalipa KSh 27,000, kisha kuna ada ya kituo kinachopokea maombi. Ombi likikataliwa, ada hairudi. Ndiyo maana karatasi lazima ziwe sawa mara ya kwanza.

Kwa kawaida utaombwa taarifa ya akaunti ya benki ya miezi ya karibuni. Kama una duka ama biashara ndogo na pesa zako nyingi hupitia kwenye simu, pakua pia taarifa rasmi ya akaunti yako ya simu uiambatishe. Haichukui nafasi ya taarifa ya benki, lakini inaeleza pesa zinatoka wapi. Epuka kuingiza pesa nyingi kwa mpigo wiki moja kabla ya kuomba, kwa sababu swali la kwanza litakuwa: hizi zimetoka wapi?

Bima ya safari kwa viza ya Schengen lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu. Hapa soma maandishi madogo. Bima ya matibabu inamhusu mtu, huenda haigusi kiti. Muulize wakala wa bima maswali mawili kwa maandishi: kiti kikiharibika mtalipa hadi kiasi gani? Na mtalipia kukodi kingine wakati changu kinatengenezwa? Jibu likiwa hapana, basi ujue mapema kwamba pengo hilo ni lako.

Jambo moja zaidi. Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inaisha kazi ukishavuka kwenda London. Wanandoa wetu wanarudi nyumbani kutoka London, kwa hivyo hawana shida. Lakini kama tiketi yako ya kurudi inaanzia Paris, omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

3. Ndege: huduma ni bure, betri ina hesabu, kiti kina bei

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006 inampa abiria mwenye ulemavu msaada wa bure uwanjani na kwenye ndege. Inahusu ndege zote zinazoondoka viwanja vya Umoja wa Ulaya, na pia zinazoelekea huko zikiwa za mashirika ya Ulaya. Uingereza ilibaki na kanuni kama hiyo baada ya kujitoa. Abiria anaweza kubeba hadi vifaa viwili vya kumsaidia kutembea bila malipo, kiti cha umeme kikiwemo. Wajibu wako ni kutoa taarifa angalau saa 48 kabla ya ndege kuondoka. Fanya hivyo siku unayonunua tiketi, upewe uthibitisho kwa maandishi, uuhifadhi kwenye simu.

Sasa betri. Hapa ndipo watu hukwama kwenye kaunta, na kwa kweli ni hesabu ya darasa la sita. Nguvu ya betri hupimwa kwa wati-saa, yaani Wh. Angalia kibandiko cha betri yako, kisha:

volti × ampea-saa = wati-saa

Betri ya mke wetu imeandikwa 24V na 10Ah. Kwa hivyo 24 × 10 = 240 Wh.

Kwa kiti chenye betri ya lithiamu inayotolewa, sheria za usafiri wa ndege zinaruhusu betri moja isiyozidi 300 Wh. Kama kiti kinatumia betri mbili, kila moja isizidi 160 Wh. Betri hiyo hutolewa kwenye kiti na kusafiri nawe ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Shirika la ndege lazima likubali kwanza. Kwa hivyo 240 Wh ni sawa. Piga picha kibandiko, kwa sababu mtu wa kaunta ataamini kibandiko kuliko maneno yako. Betri zisizotolewa, zinazobaki ndani ya kiti, zina utaratibu wake. Hizo ziulize shirika lako mapema ukitaja aina na ukubwa.

Tukija kwenye bei ya kiti, tusome polepole. Chini ya Mkataba wa Montreal, ambao Kenya ni mwanachama, shirika la ndege likiharibu mzigo wako kwenye safari ya kimataifa, fidia ina kikomo. Kuanzia 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), na kiasi hicho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Tukiweka dola kwa KSh 130, ni kama KSh 260,000.

Tuseme kiti cha mke kiligharimu KSh 600,000. Kikivunjika kabisa, kuna pengo la KSh 340,000. Hiyo ni pesa ya kutosha kuangusha familia.

Mkataba wenyewe una njia ya kulipunguza pengo hilo. Unapokabidhi mzigo, unaweza kutoa tamko maalumu la thamani, yaani unaandika kiti chako kina thamani gani, na shirika linaweza kukutoza ada ya ziada. Kikomo basi kinapanda hadi kiasi ulichotangaza. Uliza kuhusu tamko hilo kabla ya siku ya safari, sio dakika tano kabla ya kaunta kufungwa. Beba risiti ya kununulia kiti. Na kabla ya kukikabidhi:

- Piga picha za pande zote nne, magurudumu na kifaa cha kuendeshea.
- Toa kila kitu kinacholegea: mto, kikapu, kifaa cha mkononi.
- Bandika karatasi yenye maelezo mafupi ya Kiingereza: jinsi ya kukikunja, sehemu ya kushika, sehemu isiyoguswa.

Ukifika na ukute kimeharibika, andikisha ripoti uwanjani kabla hujaondoka. Malalamiko ya maandishi lazima yafike ndani ya siku 7 tangu upokee kiti. Usisubiri hadi urudi Thika.

4. Kulipa kila siku: Amsterdam, Paris na London haziko sawa

Tuanze na ukweli mmoja. Ukifika kwa muuza mkate wa Amsterdam hutapata namba ya till. Pesa zako za simu zitakufaa kupitia kadi iliyounganishwa nazo. Kadi ya mtandaoni ni nzuri kwa kununua tiketi na kulipia hoteli ukiwa bado nyumbani. Lakini kadi ambayo ni namba tu kwenye programu huwezi kuigusisha kwenye mashine, isipokuwa uiweke kwenye simu inayokubali malipo ya kugusisha. Kwa hivyo kila mmoja wenu abebe angalau kadi moja ya kushika mkononi, na muijaribu kwenye supamaketi hapa Kenya kabla ya safari.

*Amsterdam.* Kote Uholanzi unaweza kugusisha kadi ya benki ukiingia kwenye treni, tramu, metro ama basi, kisha unagusisha tena ukitoka. Ukisahau kugusisha wakati wa kutoka, unatozwa kiasi kisicholingana na safari yako. Na hapa kuna jambo la wawili: kadi moja, mtu mmoja. Huwezi kugusisha mara mbili ili kumlipia mwenzako. Sasa unaona kwa nini tulianza na mifuko miwili. Barabara za katikati ya mji zina matofali na madaraja yenye mgongo juu ya mifereji, betri itaisha haraka kuliko ulivyozoea. Chaji kila usiku, hata kama bado inaonyesha nusu.

*Paris.* Metro ya Paris ilianza mwaka 1900, na vituo vyake vingi vina ngazi bila lifti. Line 14, iliyofunguliwa mwaka 1998, inafikika yote kwa kiti cha magurudumu, na tangu Juni 2024 inafika hadi uwanja wa ndege wa Orly. Kwa safari nyingine tegemeeni mabasi, ambayo yana ubao wa kupandia. Kwa hivyo chagueni hoteli iliyo karibu na kituo cha basi ama Line 14, hata ikizidi bei kidogo. Mtakachookoa kwenye teksi kitaifidia. Kadi ya kusafiria ya Navigo Easy pia ni ya mtu mmoja: nunueni mbili.

Paris ina habari njema kwa mfuko. Makumbusho ya Louvre humwingiza bure mgeni mwenye ulemavu pamoja na mtu mmoja anayeandamana naye, akionyesha uthibitisho. Ikulu ya Versailles hufanya vivyo hivyo. Beba kadi yako ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) pamoja na barua fupi ya daktari kwa Kiingereza ama Kifaransa. Na Mnara wa Eiffel? Mwenye kiti anafika hadi ghorofa ya pili, kileleni hapana. Usinunue tiketi ya kileleni kwa wawili kabla ya kujua hilo.

*London.* Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Yote yana ubao wa kushukia na nafasi ya kiti, na anayetumia kiti cha magurudumu halipi nauli ya basi. Mwenzake hulipa, kwa kugusisha kadi mara moja tu akipanda. Kwa treni za chini ya ardhi, karibu theluthi moja tu ya vituo 272 ndivyo visivyo na ngazi, kwa hivyo angalia ramani maalumu kabla ya kutoka. Njia ya Elizabeth ni rafiki yenu: vituo vyake vyote vinafikika bila ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani.

London ina kikomo cha nauli kwa siku, ukishakifika hulipi zaidi. Lakini mfumo unahesabu kwa kadi. Ukigusisha kadi asubuhi na simu jioni, hata kama pesa zinatoka akaunti moja, mfumo unaona watu wawili. Chagua kimoja, ushikilie hicho hicho siku nzima.

Teksi nyeusi za London zote zina nafasi ya kiti cha magurudumu na zinapokea kadi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza dereva wa teksi hizo kukutoza zaidi kwa sababu ya kiti. Mita ianze kuhesabu safari, sio muda wa kukufungia mkanda.

Jambo dogo la plagi: London inatumia plagi kama ya Kenya. Amsterdam na Paris hazitumii. Nunueni adapta mbili hapa nyumbani. Chaja ya kiti ikikosa pa kuchomeka usiku wa kwanza, kesho yake mko ndani.

5. Treni kati ya miji

Kutoka Amsterdam hadi Paris, na Paris hadi London, Eurostar ina nafasi za viti vya magurudumu, lakini ni chache kwa kila treni. Zikijaa zimejaa. Nunueni mapema, na nauli ya anayeandamana na mwenye kiti huwa imepunguzwa. Pimeni kiti kabla ya kulipa: kipimo kinachotumika kwenye treni za Ulaya ni upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 120. Skuta kubwa inaweza kukataliwa isipokunjwa.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa treni, iliyoanza kutumika Juni 2023, inataka utoe taarifa ya kuhitaji msaada kwa kawaida saa 24 kabla. Msaada huo ni bure. Na kampuni ya treni ikisema lazima uwe na mtu wa kukusaidia, mtu huyo husafiri bure.

6. Hoteli: swali la mlango na swali la amana

Neno "inafikika" kwenye tangazo la hoteli halitoshi. Kabla ya kulipa, andika ujumbe uulize: mlango wa chumba na wa bafu una upana wa sentimita ngapi? Kuna hata ngazi moja mlangoni? Lifti inatosha kiti pamoja na mtu mmoja? Bafu ni la kuingia bila kuvuka ukingo? Omba picha. Hoteli nzuri itajibu. Isiyojibu, achana nayo.

Swali la pili ni la pesa. Hoteli nyingi hushikilia amana kwenye kadi unapoingia. Pesa hizo hazijatoka, lakini huwezi kuzitumia. Tuseme wanashikilia yuro 200. Hiyo ni KSh 30,000 zimefungwa, na huweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya wewe kuondoka. Hoteli tatu mfululizo, mnaweza kukuta KSh 90,000 ziko hewani kwa wakati mmoja. Uliza kiasi mapema, na uulize kama wanakubali kadi ya kulipia kabla, kwa maana wengine huikataa.

7. Mashine ikikuuliza: shilingi ama yuro?

Hili tunalirudia kila mwaka kwa sababu linakula pesa kimyakimya. Unalipa chakula, mashine inaona kadi ya Kenya, inakuuliza kwa upole: ungependa kulipa kwa KES ama EUR? Shilingi unaijua, unabonyeza KES. Kumbe kiwango cha kubadilisha kimewekwa na kampuni ya mashine, na mara nyingi kiko juu.

Hebu tuhesabu. Bili ni yuro 120. Kwa kiwango cha 150 ni KSh 18,000. Tuseme mashine inaongeza asilimia 7: utalipa KSh 19,260. Umepoteza KSh 1,260 kwa kubonyeza kitufe kimoja. Chagua pesa ya nchi uliyomo daima: yuro Amsterdam na Paris, pauni London. Kadi yako bado ina ada yake ya kubadilisha fedha, iangalie kwenye orodha ya ada kabla ya kuondoka. ATM nazo huuliza swali lilelile, jibu ni lilelile.

8. Laini yako ya Kenya isizimwe

Ujumbe wa kuthibitisha malipo ya mtandaoni unakuja kwenye laini yako ya Kenya. Ukiitoa na kuiweka kwenye begi ili utumie laini ya kule, umejifungia nje ya pesa zako. Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, uzime data ya laini hiyo, kisha pata data kwa laini ya pili. Usitegemee menyu ya kupiga nyota, weka programu yetu kwenye simu na uhakikishe inafunguka.

Ukitupigia, kumbuka saa. Wakati wa kiangazi chao, Kenya iko mbele ya Amsterdam na Paris kwa saa moja, na mbele ya London kwa saa mbili. Majira ya baridi ongeza saa moja kwa kila mji.

9. Matapeli wanajua mna haraka

Mtu anayetegemea msaada hukutana na watu wengi wanaojitolea kusaidia. Wengi ni wema. Wachache wanakuja na namba ya simu ya kutumiwa pesa. Shika kanuni tatu:

- Msaada wa kiti uwanjani na kwenye kituo cha treni ni bure. Anayekutumia ujumbe kwamba "ada ya kiti" haijalipwa ni mwongo.
- Hakuna ubalozi unaouza miadi ya viza kupitia namba binafsi ya simu.
- Nyumba ya kukodi ikitaka amana nje ya tovuti uliyoipata, usitume, hata kama picha za bafu ni nzuri kuliko zote.

Na ukiwa umetuma kwa makosa ama umetapeliwa, tupigie mara moja. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kuzuia pesa.

10. Mgao wa wanandoa wetu

Tiketi, viza na hoteli zimeshalipwa. Wamebaki na KSh 600,000 za kutumia kule. Wanazigawa hivi:

- Kadi ya mke: KSh 250,000
- Kadi ya mume: KSh 250,000
- Akiba ya kiti, kwenye akaunti isiyounganishwa na kadi yoyote: KSh 85,000
- Taslimu: KSh 15,000, yaani yuro 100, kila mmoja 50. Hizi ni za vyoo vya umma vinavyolipiwa, na vitu vidogo.

Akiba ya kiti haiguswi kwa zawadi wala kwa chakula cha jioni cha bei. Ni ya kukodi kiti kingine, kununua tairi, ama teksi ya ghafla usiku lifti ikigoma. Wakirudi nayo nzima, wameshinda. Mshale wa mwisho: namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112, na inafanya kazi Uingereza pia.

Jipime

1. Betri ya kiti chako inatolewa, na imeandikwa 24V, 14Ah. Unaweza kusafiri nayo?
2. Mashine ya hoteli Paris inakuonyesha jumla kwa KES na kwa EUR. Unabonyeza ipi?
3. Mke ametangulia na mhudumu kupitia lifti, mume yuko kwenye foleni. Wote wanataka kupanda treni Amsterdam. Wanahitaji kadi ngapi?
4. Kiti kimefika kikiwa kimepinda. Leo ni Jumatatu. Malalamiko ya maandishi yafike lini?

Majibu

1. Hapana. 24 × 14 = 336 Wh, imezidi 300. Zungumza na aliyekuuzia kiti kuhusu betri ndogo kabla hujanunua tiketi.
2. EUR.
3. Mbili, kila mtu yake.
4. Kabla ya Jumatatu ijayo kwisha, lakini ripoti ya uwanjani ni leo hii.

Kaeni chini wawili jioni moja wiki hii, mpitie orodha hii mkiwa na kalamu. Pimeni kiti, someni kibandiko cha betri, jaribuni kadi zote mbili. Mkikwama mahali, tuandikieni kupitia programu, tuko hapa. Safari njema.